Kabla vigingi havijachomekwa: namna ya kupanga barabara kuu inayopita eneo nyeti

Mstari wa kwanza kuchorwa kwenye ramani ni mgumu kuufuta kuliko lami. Nimeuona ukichorwa kwa kalamu ya risasi juu ya meza yenye vikombe vya chai, na miaka mitatu baadaye nikawakuta watu wazima wenye shahada zao wakiutetea kama mali ya urithi. Ukishatajwa jukwaani, ukapewa kilomita zake na fungu lake la bajeti, kila anayefuata kazi yake ni kuupamba tu. Mtaalamu wa mazingira naye huitwa wakati huo, aandike namna ya kupunguza madhara ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mwongozo huu unaanzia kabla ya hapo. Nimeuandika kwa ajili ya mhandisi kijana aliyekabidhiwa kipande chake cha kwanza, afisa mazingira wa halmashauri, diwani, na yeyote anayekaa kwenye kikao ambacho neno "barabara" likitajwa watu hupiga makofi kabla hawajauliza inapita wapi. Eneo nyeti ninalolisema hapa ni hifadhi ya wanyama, ushoroba wanaopitia kutoka hifadhi moja kwenda nyingine, msitu wa asili, ardhioevu, mikoko, au kilima ambacho mji mzima unakunywa maji yake. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, ila ya Kenya na Uganda nayo imo.

Hatua ya 1: Andika watu wanataka kufika wapi

Chukua karatasi, usichukue ramani. Andika nani anasafiri, anabeba nini, anatoka wapi, anakwenda wapi, na miezi gani. Vitunguu vya Mang'ola vinakwenda soko gani? Mjamzito anayepewa rufaa anapelekwa hospitali ipi? Ng'ombe wa mnada wanatoka kata zipi? Karatasi hiyo ikijaa, utashangaa ni safari chache kiasi gani zinazolazimika kukatiza lile eneo nyeti.

Mfano ninaoupenda ni wa Serengeti, maana ulikwenda hadi mahakamani na mambo yote yakawa hadharani. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa barabara ya kuunganisha Mara na Arusha kupitia kaskazini mwa hifadhi. Kilomita 53 hivi zingekuwa ndani ya Serengeti, eneo ambalo tangu mwaka 1981 limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Huko kaskazini ndiko nyumbu zaidi ya milioni moja wanakokimbilia kiangazi, kwa sababu Mto Mara ndio pekee usiokauka katika mfumo ule wote. Mwaka 2011 serikali iliieleza UNESCO kwamba kipande kile kingebaki cha changarawe. Hata hivyo shirika moja la Kenya linalotetea wanyama, ANAW, lilikuwa limeshafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, na Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami kukatiza hifadhi.

Wengi waliichukulia hukumu ile kama wanyama wamewashinda watu. Rudi kwenye karatasi yako. Mkulima wa Mugumu shida yake ni kufika Musoma na Mwanza. Mfugaji wa Loliondo shida yake ni kufika Arusha. Hakuna kati yao anayehitaji kuvuka hifadhi kila juma. Wa magharibi anahudumiwa na barabara ya kutoka Makutano kupitia Natta hadi Mugumu, na wa mashariki anahudumiwa na vipande kama Waso–Sale. Lori linalotoka Arusha kwenda kanda ya ziwa linaweza kuzunguka kusini: Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago, Maswa. Njia hiyo ni ndefu, lakini pembeni yake wamo wakulima ambao hawajaonja lami tangu wazaliwe, na ndani ya hifadhi hakuna hata mkulima mmoja wa kumpakilia gunia. Laiti karatasi ingeandikwa kabla ya mstari, miaka minne ya kesi ingetumika kumwaga kifusi.

Hatua ya 2: Tengeneza ramani ya makatazo

Sasa chukua ramani, lakini bado usichore barabara. Weka kwanza kila kitu ambacho hutaki kukigusa: mipaka ya hifadhi za taifa, mapori ya akiba, misitu ya hifadhi, jumuiya za hifadhi za wanyamapori, shoroba, mabwawa na vinamasi, chemchemi, miteremko inayoporomoka, makaburi, misitu ya matambiko, njia za mifugo. Taarifa hizi hazikai ofisi moja. Mipaka ya hifadhi ipo TANAPA, ya mapori ya akiba ipo TAWA, ya misitu ipo TFS, hesabu za wanyama kwa ndege zipo TAWIRI, na mambo ya mito yapo kwenye bodi ya maji ya bonde husika. Makaburi na matambiko yapo kichwani kwa wazee, na huko hakuna barua ya kuomba.

Kuna vipimo viwili vya kisheria vya kuweka mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari ziachwe bila shughuli za kudumu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati yake. Piga hesabu: upana wa mita 60 ni hekta 6 kwa kila kilomita moja. Kilomita 50 ndani ya msitu ni hekta 300, na hapo hujahesabu machimbo ya kifusi wala barabara za kuchepushia magari wakati wa ujenzi. Takwimu hii iseme mwanzoni kabisa mwa kikao. Watu huiona barabara kama uzi, na hakuna kinachowaamsha kama kuambiwa ni shamba la hekta 300.

Paka rangi tatu. Nyekundu ni pale pasipoguswa, njano ni pale pa kupita kwa masharti, nyeupe ni pale panaporuhusu. Angalizo kubwa: usipake nyeupe sehemu kwa sababu tu haina jina kwenye ramani. Shoroba nyingi za Tanzania zimo kwenye ardhi ya vijiji, hazina uzio wala kibao. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ukipita kwa basi la Babati unaona mashamba, nyumba na miti ya kawaida, huwezi kujua kwamba umekatiza njia ya nyumbu na pundamilia.

Hatua ya 3: Itembee njia, masika na kiangazi

Picha za satelaiti zinadanganya kwa namna moja tu: zilipigwa siku moja. Anayepanga kwa kutumia picha za Agosti atajenga kalavati la kipenyo cha sentimita 60 mahali ambapo Aprili pana mto. Kwa hiyo tembea mara mbili, kwa miguu, pamoja na mtu anayelala huko.

Nilijifunza hili kwa mzee mmoja mfugaji tuliyemchukua kutuonyesha njia. Tulikuwa na GPS mbili, droni moja, na mpima aliyejaa imani. Tukafika kwenye mbuyu mmoja, mzee akasimama, akanyanyua fimbo yake na kukwangua gome juu ya kichwa changu. Tope kavu likadondoka begani kwangu. "Hawa walijisugua mvua za Desemba," akasema. Akageuza fimbo chini. Majani yalikuwa yamejitenga na katikati palikuwa na njia pana, laini kama sakafu ya nyumba ya udongo, ikishuka taratibu kuelekea korongoni. Tembo huchagua mteremko mwepesi kuliko mhandisi yeyote. Mstari wetu ulikuwa unapita hatua arobaini kutoka pale, na kivuko tulichokuwa tumekipanga kilikuwa mbali karibu kilomita nzima, kwa kuwa huko ndiko tuta la barabara lingekuwa juu na ujenzi ungekuwa rahisi. Tembo asingetembea kilomita nzima kutafuta kivuko cha mpima.

Mkiwa porini, andikeni mambo haya kila mnapoyaona: nyayo na vinyesi, mahali pa kulamba chumvi, visima vya mchanga kwenye makorongo makavu, alama ya matope kwenye mashina ya miti ya bondeni (hiyo ndiyo kimo cha mafuriko, na haina malipo ya ushauri), miti mikubwa ambayo ndege wameitagia, na mahali ambapo wanawake wanachota maji. Kila kimoja kiwe na namba ya GPS na tarehe. Tarehe usiisahau. Nyayo za pundamilia bila tarehe hazimsaidii mtu.

Hatua ya 4: Weka njia zisizopungua nne mezani

Ripoti nyingi zina njia mbadala za kuigiza: moja ndiyo ile iliyokwisha kupendwa, na nyingine mbili mbovu zimewekwa ili ile ya kwanza ing'ae. Msomaji mzoefu analitambua hilo kwenye ukurasa wa pili. Weka njia za kweli. Ya kwanza ni kuboresha barabara iliyopo. Ya pili ni kuzunguka eneo lote. Ya tatu ni kupita ukingoni, ya nne ni kukatiza. Na pembeni yake weka kutokujenga kabisa, ukupigie hesabu kwa uaminifu kama nyingine.

Unapolinganisha, usitumie urefu peke yake. Tumia muda wa safari kwa mwendo ambao sheria itauruhusu. Hapa ndipo njia ya kukatiza huanguka mara nyingi. Tuseme ndani ya hifadhi pana kilomita 50 na kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa: hiyo ni saa nzima. Mzunguko wa kilomita 80 kwa mwendo wa 80 nao ni saa nzima. Ongeza kwamba barabara ya hifadhini yaweza kufungwa usiku, na lori la nyanya husafiri usiku. Aliyewahi kupita Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, anajua rasta zile zinavyopiga mgongo na mabango ya faini za kumgonga mnyama yanavyomkodolea dereva macho. Hayo yote ni sahihi kuwepo. Lakini barabara kuu ambayo lazima uizuie isiwe barabara kuu inahitaji maelezo mazuri sana.

Weka pia gharama za miaka 20, yaani ujenzi pamoja na matengenezo. Barabara juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ni nafuu siku ya uzinduzi tu.

Kanuni ya kuongoza uamuzi ina ngazi nne na haziruki: epuka, ukishindwa punguza, kisha rejesha, na mwisho kabisa fidia. Kupanda miti Dodoma kufidia msitu wa asili uliokatwa kwingine ni ngazi ya nne. Ukiona ripoti inaanzia huko, irudishe.

Hatua ya 5: Karatasi za serikali

Hapa sitakaa sana, maana ofisi zenyewe zitakuelekeza. Tanzania unasajili mradi NEMC, baraza la taifa la mazingira, unaandaa ripoti ya awali na hadidu za rejea, unafanya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, ripoti inapitiwa na kamati ya wataalamu, kisha cheti. Jambo la kushika ni kwamba sheria ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza na hata kabla ya kupewa fedha. Kenya ni NEMA, mamlaka yao ya mazingira, chini ya sheria ya mwaka 1999, na asiyeridhika anakwenda kwenye baraza la rufaa za mazingira. Uganda nako mamlaka inaitwa NEMA.

Mkopeshaji ana masharti yake. Benki ya Dunia tangu Oktoba 2018 inatumia viwango vipya, na cha sita kinahusu bayoanuwai: mahali penye makazi adimu kabisa ya viumbe, hutapata fedha bila kuonyesha kwamba hakuna njia nyingine. Kwa hiyo kazi ya hatua ya 4 utaifanya hata usipopenda. Bora uifanye mapema, kalamu ya risasi ikiwa bado inafutika.

Hatua ya 6: Mikutano, na namna ya kusikiliza

Mwaka 2019 baraza la rufaa la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haikuwa barabara, lakini wapanga barabara wengi walikosa usingizi juma lile. Karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 80 na posho ya soda haihesabiki kuwa ushirikishwaji.

Nakushauri ufanye hivi. Fika siku moja kabla, umsalimie mwenyekiti wa kijiji na wazee nyumbani kwao. Usianze na projekta. Chora ramani chini kwa kijiti, weka mawe yawe vijiji na kamba iwe barabara, halafu mpe kamba mtu mwingine aisogeze. Watu wasiosoma ramani ya karatasi husoma ramani ya vumbi vizuri kuliko wewe. Kaa na wanawake peke yao, wakati ambao si wa kuchota maji wala kupika. Kaa na wafugaji peke yao, maana mbele ya wakulima kuna mambo hawatayasema, na wakulima vivyo hivyo.

Na uliza maswali kwa mpangilio unaofaa. Kwenye mkutano mmoja nilisimama nikauliza, kwa sauti ya mtu anayefanya hisani, wangependa vivuko vya mifugo viwekwe wapi. Pakawa kimya. Mzee mmoja akasimama, akasahihisha lubega lake. "Mwanangu," akasema, "unatuuliza ng'ombe wavukie wapi. Hujatuuliza wanakunywa wapi." Mkutano mzima ukacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na la kufanya. Tulianza upya na visima, na vivuko vitatu kati ya vitano vikahama.

Suala la fidia lizungumzwe siku hiyohiyo, kwa uwazi: nani atalipwa, kwa kiwango gani, tarehe ya kufunga uthamini ni ipi. Nyumba ikishapigwa X nyekundu na mwenye nyumba akaachwa miaka bila jibu, haruhusiwi kukarabati paa wala kuuza, na huyo hutampata tena kwenye mkutano wa mazingira. Usimlaumu.

Hatua ya 7: Usanifu wa wanyama na maji

Ikiwa baada ya yote bado lazima kupita, sasa sanifu. Anza na wanyama.

Njia ya chini ya tembo ya Mlima Kenya ndiyo shule yetu. Ilifunguliwa mwaka 2011 chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, kuunganisha msitu wa mlima na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Tembo dume aliyepewa jina la Tony ndiye wa kwanza kupita. Siri yake ni kwamba iliwekwa mahali tembo walipokuwa wakipita tangu zamani, na pande zote mbili kuna uzio unaowaelekeza hadi mdomoni. Kivuko bila uzio ni mapambo, na uzio bila kivuko ni gereza. Kule hifadhi ya Banff, Kanada, uzio pamoja na vivuko vya juu na chini vilipunguza ajali za wanyama kwa zaidi ya asilimia 80, lakini vilijengwa pamoja, si kimoja leo na kingine bajeti ikiruhusu. Reli ya SGR ya Kenya ilipokatiza hifadhi ya Tsavo, tembo waliovishwa mikanda ya kuwafuatilia mwaka 2016 walionyesha tofauti za tabia: baadhi walizoea vivuko, wengine walisita. Weka vivuko zaidi ya kimoja. Nasi sasa tunacho kivuko cha chini cha tembo kwenye ushoroba wa Kilombero, kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, kwenye barabara ya Kidatu–Ifakara. Nenda ukakitazame kabla hujachora chako. Begani tembo dume anafika mita 3 na ushei, na hapendi kuinama. Mwachie nafasi ya kuona mwanga upande wa pili.

Wadogo nao wahesabiwe. Jozani, Unguja, barabara ilikuwa ikiua kima punju, wanyama wasiopatikana popote duniani isipokuwa Zanzibar. Yakajengwa matuta ya kupunguza mwendo, na vifo vikapungua sana. Tuta la barabarani ni chombo cha bei rahisi kuliko vyote katika mwongozo huu. Kwa wanyama wanaoishi mitini, acha pia matawi yakutane juu ya barabara. Fundi wa msumeno ana hamu ya kusafisha kila kitu, mwekee rangi kwenye miti isiyoguswa.

Upande wa maji, safari moja ya Mombasa inatosha. Mwaka 1929 tuta la Makupa lilijengwa kuunganisha kisiwa na bara, likaziba mkondo wa bahari. Maji hayakupita tena toka upande mmoja kwenda wa pili kwa zaidi ya miaka 90, hadi daraja la Makupa, lenye urefu wa mita 457, lilipofunguliwa mwaka 2022 na mkondo ukarudi. Mikoko inaishi kwa kujaa na kupwa. Ukiikatia maji ya kujaa inakauka imesimama, na watu huja kuikata kuni wakidhani imekufa kwa uzee. Kwa hiyo penye mkondo, weka daraja, si tuta lenye mabomba. Uganda, barabara ya Kampala–Entebbe ilipofika kinamasi cha Nambigirwa, wajenzi walipita juu yake kwa daraja la mita 1,450. Gharama yake ni kubwa, nakubali. Lakini kinamasi ni chujio la maji yanayokwenda ziwani, na hakuna mtu anayejenga chujio jingine.

Kwa makalavati ya kawaida, kosa linalojirudia ni kimo cha sakafu yake. Likiwekwa juu, maji yanatuama upande wa juu na miti inazama, na yanapodondokea upande wa pili yanachimba korongo, na baada ya masika tatu unakuta shimo la kumeza trekta. Likiwekwa chini mno, linajaa mchanga na kuziba. Sakafu iwe sawa na kitanda cha mto, na mbele yake pawekwe mawe.

Hatua ya 8: Machimbo, kambi na maji ya ujenzi

Sehemu hii haipigwi picha siku ya uzinduzi, na ndiyo inayoharibu kuliko lami yenyewe. Kifusi kinatoka wapi? Kokoto? Maji ya kumwagia tuta, maelfu ya lita kila siku, yanachotwa kwenye kisima cha nani? Kambi ya wafanyakazi mia mbili inapikia kuni au gesi? Majibu yote yaandikwe kwenye mkataba, na kila jambo liwe na mstari wake kwenye orodha ya kazi na bei. Kazi isiyo na bei haifanywi. Nimeona sharti zuri sana la "kurejesha mandhari" likiwa kwenye kurasa za maelezo ya jumla, bila bei, na mkandarasi, ambaye simtaji, akaondoka na greda lake akaacha mashimo saba yaliyojaa maji. Kijiji kilifurahi kwanza, wakasema ni malambo ya bure. Mwaka uliofuata tembo walianza kuja kunywa, mita 50 kutoka lami.

Machimbo yote yawe nje ya rangi nyekundu, hata kama lori litatembea zaidi. Na magari yaoshwe kabla hayajaingia. Gugu karoti, lililoenea Arusha kwa kufuata barabara, linasafiri kwenye tope la matairi, na likiingia kwenye malisho ng'ombe huliepuka.

Hatua ya 9: Baada ya utepe kukatwa

Lami inaota nyumba. Kwanza kibanda cha chipsi, halafu gereji, halafu mkaa unapangwa pembeni kwa magunia, halafu kijiji chenye jina la dereva fulani aliyepatwa na pancha pale. Barabara yenyewe pengine imechukua mita 60, lakini kinachofuata hukata ushoroba wote. Njia ya kulizuia ni mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kila kijiji kinachopakana, upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji kabla lami haijamwagwa. Ikishamwagwa bei ya kiwanja inapanda, na hakuna mkutano mkuu utakaokusikiliza. Vituo vya malori navyo vichaguliwe mapema, mbali na ushoroba, viwe na maji, choo na taa, kwa sababu dereva atasimama tu popote penye supu.

Mwisho, tafuta mtu wa kuhesabu. Si lazima awe na shahada. Kwenye kipande kimoja tulimpa mlinzi wa kijiji daftari la kurasa 96 na baiskeli, akawa anapita alfajiri kabla mizoga haijachukuliwa na fisi. Aliandika tarehe, mnyama, na namba ya jiwe la kilomita. Miezi sita baadaye nilikaa naye chini ya mwembe tukalifungua. Swala, nguchiro, swala, bundi, kicheche, swala. Jiwe la kilomita 17 lilijitokeza mara kumi na moja. Tulipokwenda kulitazama tukakuta kona iliyofunikwa na kichaka, na mtaro uliokuwa unashika maji hadi Julai, nyasi mbichi pande zote wakati pori zima limekauka. Tukafyeka kichaka, tukauzibua mtaro, tukaomba matuta mawili. Matuta yalichukua miezi minne kuidhinishwa. Kichaka na mtaro tulivimaliza siku ileile kabla ya chakula cha mchana.